Kusafisha na kuchoma masizi katika chujio la ekzosi la injini ya dizeli: mwongozo kamili kwa mwenye gari na fundi

Sehemu kubwa ya magari ya dizeli yanayoshushwa leo katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kuanzia Mazda CX-5 na Toyota Hiace hadi malori ya Isuzu na Hino, huja na chujio la masizi ndani ya mfumo wa ekzosi, kifaa ambacho mafundi wengi hukiita kwa herufi zake tatu, DPF. Peugeot ilikifunga kwenye modeli yake ya 607 mwaka 2000, na kanuni za moshi wa magari za Euro 5 zilizoanza Ulaya mwaka 2009, pamoja na zile za Japani za mwaka huohuo, zikakifanya kuwa cha lazima kwa vitendo. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, mnunuzi wa dizeli huko karibu hana njia ya kulikwepa. Chujio likiziba, gari huwa zito, hula mafuta, na mwishowe hukataa kuvuta, na hapo ndipo mwenye gari huambiwa achague kati ya kununua jipya kwa bei ya kuumiza na kulitoboa lililopo. Ipo njia ya tatu, ila inadai utaratibu, na utaratibu huo huanza kwa kujua ni kitu gani hasa kilichoziba.

Masizi na majivu

Ndani ya kopo la chuma kuna kipande cha seramiki chenye maelfu ya vijia vyembamba. Kila kijia kimezibwa upande mmoja: kilicho wazi mbele kimezibwa nyuma, na jirani yake kinyume chake, hivyo moshi hulazimika kupenya ukuta wa seramiki ili utoke, na masizi hubaki ukutani. Masizi ni kaboni, nayo huungua. Katika safari ndefu, joto la ekzosi likifika nyuzi 250 hadi 400, naitrojeni dioksaidi inayotokea kwenye kichocheo, kifaa cha kubadili gesi za moshi kilichotangulia chujio, huyala polepole bila dereva kujua. Safari zikiwa fupi, kompyuta ya injini husubiri masizi yafike kiwango fulani, kisha hupuliza dizeli ya ziada kwa kuchelewa, ili iungue kwenye kichocheo na kupandisha joto la chujio hadi kati ya nyuzi 550 na 650, ambako masizi huungua kwa oksijeni.

Majivu ni habari nyingine. Hutokana hasa na kalsiamu, magnesi na zinki zilizomo katika oili ya injini, ile inayoungua kidogo kidogo ndani ya silinda, na hakuna joto ambalo gari linaweza kulitoa likayamaliza. Ni kama jiko la mkaa: moto humaliza mkaa, lakini majivu hukaa mpaka mtu ayazoe. Fundi anayelazimisha uchomaji kwenye chujio lililojaa majivu anapoteza dizeli na muda, na anayelifungua kulisafisha chujio lililojaa masizi ya nozeli mbovu, bila kuigusa nozeli yenyewe, atalifungua tena baada ya muda mfupi. Gari dogo linalotumia oili sahihi kwa kawaida hufika kilomita 150,000 hadi 250,000 kabla majivu hayajawa tatizo. Gari likilalamika kwenye kilomita 80,000, mshukiwa wa kwanza ni kitu kingine, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba namba ya dashibodi ya gari lililotumika si mara zote husema ukweli.

Hatua ya kwanza: soma kabla ya kugusa

Taa ya chujio ikiwaka peke yake, bila kumweta, gari linaomba tu safari ya kutosha ili lichome masizi. Ikimweta, au ikiambatana na taa ya injini na gari likawa halipandi kasi, usiendelee kulisukuma barabarani. Liunganishe kwanza na mashine ya kusoma hitilafu. Mashine za bei ndogo husoma namba ya hitilafu tu. Inayohitajika ni ile inayoonyesha vipimo injini ikiwa inaunguruma: tofauti ya presha kabla na baada ya chujio, makadirio ya masizi kwa gramu, joto la ekzosi, na umbali uliopita tangu uchomaji wa mwisho.

Namba P2463 husema masizi yamezidi, P242F husema majivu yamefika kikomo, P2002 husema chujio halifanyi kazi yake ipasavyo, na zile za P2452 hadi P2455 huelekeza kwenye sensa ya presha yenyewe. Hizi za mwisho zisipuuzwe, kwa sababu sensa ikidanganya, kompyuta nayo itaamua vibaya. Kuna kipimo rahisi ambacho mafundi wengi hukiruka: washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma tofauti ya presha. Moshi haupiti, kwa hiyo jibu liwe sifuri au karibu kabisa na sifuri. Likiwa kubwa, tatizo ni sensa au nyaya zake. Angalia pia vile vijibomba viwili vinavyotoka kwenye kopo la chujio kwenda kwenye sensa. Hupasuka kwa joto, huziba kwa masizi, na wakati mwingine mtu aliyevifungua huvirudisha vikiwa vimebadilishana nafasi. Ukitaka kuvipuliza, vichomoe kwanza kwenye sensa, maana upepo wa kompresa huiua papo hapo.

Kwa magari mengi madogo, chujio safi injini ikiwa moto na bila kukanyagwa mafuta huonyesha tofauti isiyozidi kilopaskali 1. Ikiwa juu zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa wakati sensa ni nzima, kuna kizuizi cha kweli. Tazama sasa makadirio ya masizi na umbali tangu uchomaji wa mwisho, kwani hapo ndipo majivu na masizi hutengana. Presha ikibaki juu mara tu baada ya uchomaji uliokamilika, na kilomita za gari ni nyingi, kilichobaki ndani ni majivu. Presha ikishuka vizuri baada ya uchomaji, lakini masizi yakajaa tena baada ya kilomita 100 au 150, injini inatoa moshi kupita kiasi, na chujio halina kosa.

Sababu za moshi huo zinajulikana: nozeli inayovuja, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyokwama ikiwa wazi, mpira wa turbo au interkula uliopasuka, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, au turbo inayopitisha oili. Kuna moja ambayo kwetu inastahili kusemwa kwa sauti, nayo ni thamostati, valvu inayozuia maji ya kupoza injini yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Katika maeneo ya joto, kuing'oa thamostati ili injini isichemke ni tabia ya miaka mingi, na kwenye injini za zamani gari liliendelea kutembea bila shida ya kuonekana. Kwenye injini yenye chujio la masizi, kompyuta huzuia uchomaji mpaka maji ya rejeta yafike joto lililopangwa, na injini isiyo na thamostati huenda isilifikie kabisa ikiwa barabarani usiku. Gari kama hilo litaziba kila mara, hata ukilifungia chujio jipya. Uchomaji pia huzuiwa na taa ya mafuta kidogo kuwaka na, katika magari mengi, na hitilafu ya nozeli, EGR au sensa ya joto iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Rekebisha hayo yote kwanza, ndipo uendelee.

Hatua ya pili: kuchoma masizi barabarani

Ikiwa taa haimweti na hakuna hitilafu nyingine, jaza tangi walau hadi nusu, pasha injini joto, kisha tafuta barabara isiyo na foleni. Kutoka Nairobi ni Thika Road au barabara ya Mombasa nje ya saa za msongamano. Kutoka Dar es Salaam, ni barabara ya Morogoro baada ya kuuacha mji. Endesha kwa mwendo wa kutulia unaozidi kilomita 60 kwa saa, ukichagua gia inayoweka injini juu kidogo ya mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 hadi 30. Kukanyaga na kuachia hakusaidii, kwa sababu joto hupanda na kushuka, wakati kinachotakiwa ni joto la kudumu.

Uchomaji ukianza, dereva makini atautambua. Mizunguko ya injini gari likiwa limesimama hupanda kidogo, feni hufanya kazi hata kama injini haijachemka, matumizi ya mafuta kwenye dashibodi huongezeka ghafla, na harufu ya kitu kilichoungua husikika ukishuka. Ukizikuta dalili hizi umeshafika nyumbani, usizime injini. Zunguka dakika chache zaidi. Uchomaji uliokatizwa mara kwa mara huacha dizeli isiyoungua ikiteleza kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili, na ndiyo maana kijiti cha kupimia oili huonyesha oili ikiongezeka badala ya kupungua. Baadhi ya injini za dizeli za Mazda zina alama ya X kwenye kijiti hicho, juu ya ile ya kujaa: oili ikikaribia hapo, imwagwe na kubadilishwa hata kama kilomita hazijafika, kwa kuwa imekuwa nyepesi na hailindi tena beringi.

Hatua ya tatu: kuchoma gari likiwa limesimama

Malori mengi ya Kijapani yana swichi ya kazi hii kwenye dashibodi. Taa ikimweta, dereva huegesha, huweka gia huru, huvuta breki ya mkono, kisha hubonyeza swichi na kuiacha injini ijipandishe mizunguko yenyewe kwa muda ambao mara nyingi ni dakika 15 hadi 30. Kwa magari madogo yasiyo na swichi, fundi hutoa amri hiyo kupitia mashine.

Mahali pa kuegesha ni jambo la usalama, wala si la hiari. Moshi unaotoka wakati huu unaweza kuwasha nyasi kavu, mabua, matambara yenye oili au kopo la petroli lililosahaulika, kwa hiyo tafuta sakafu ya zege au kokoto nje ya jengo, ondoa kila kinachoungua nyuma na chini ya gari, weka kizimamoto karibu, na watoto wakae mbali. Kamwe usifanye kazi hii ndani ya gereji iliyofungwa, kwani gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu.

Kabla ya kutoa amri, angalia gramu za masizi. Kwa injini nyingi za Volkswagen za TDI lita 2.0, uchomaji wa kawaida huanza karibu gramu 18, taa huwaka karibu gramu 24, na ikifika karibu 45 mfumo hukataa kabisa kuchoma. Kila mtengenezaji ana kikomo chake, lakini sababu ni moja: masizi mengi yakishika moto kwa pamoja, joto hupita kiwango ambacho seramiki inaweza kustahimili, na chujio hupasuka au kuyeyuka katikati. Fundi anayeidanganya kompyuta kwa kufuta kumbukumbu ya masizi ili amri ikubaliwe anacheza na chujio la mteja. Likivuka kikomo, lifunguliwe. Wakati wa uchomaji, fuatilia joto kwenye mashine. Likipanda haraka kupita nyuzi 700, sitisha amri, lakini usizime injini, kwa sababu hewa inayopita ndiyo inayosaidia kubeba joto hilo. Baada ya kazi, pima oili, na ikiwa imepanda, ibadilishe siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: kulifungua na kulisafisha

Acha ekzosi ipoe kabisa, toa waya hasi wa betri, na vaa glavu, miwani na barakoa inayozuia vumbi laini. Nyunyizia oili ya kulegeza kutu kwenye boliti na sensa za joto, ikiwezekana tangu usiku wa kuamkia kazi. Sensa hizi hukatika kirahisi zikilazimishwa, na bei yake huwashangaza wengi. Tia alama kuonyesha upande ambao moshi huingilia, kisha pima uzito wa chujio likiwa kavu na uuandike.

Sasa lichunguze kwa tochi, na usiharakishe, maana chujio lenyewe linasimulia mengi. Uso wa kutokea moshi unatakiwa kuwa na rangi ya asili ya seramiki, kijivu au udongo. Ukiwa mweusi tii, ukuta umepasuka mahali na masizi yanapita. Kwa kuwa kila kijia kimezibwa upande mmoja, mwanga wa tochi hauwezi kupenya kutoka uso mmoja hadi mwingine, na ukiona nuru, vizibo vimetoka. Uso wa kuingilia ukiwa na unyevu wa oili, turbo au pete za pistoni zinahusika. Mwisho, chukua waya mwembamba, uusukume taratibu ndani ya vijia kadhaa vya upande wa kuingilia, kisha ulinganishe kina ulichofika na urefu wa kipande cha seramiki. Majivu hujikusanya mwisho wa kijia, kwa hiyo waya ukikwama mapema, sehemu iliyobaki imejaa majivu, na jibu la swali la hatua ya kwanza unalo mkononi.

Njia inayoaminika zaidi ya kusafisha huunganisha tanuri na upepo. Kwanza chujio hupulizwa kwa hewa kavu kutoka upande wa kutokea moshi kuelekea wa kuingilia, yaani kinyume cha njia ya kawaida, nozo ikitembezwa taratibu juu ya uso wote bila kugusa seramiki. Kisha huwekwa kwenye tanuri linalopandishwa joto polepole hadi karibu nyuzi 600, hukaa humo saa kadhaa, na hupoa polepole vilevile, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ya joto huipasua seramiki. Baada ya hapo hupulizwa tena, na safari hii majivu yaliyokuwa yameshikwa na masizi hutoka kama unga mwepesi. Chujio lililolowa oili lisiingizwe tanurini kabla ya kusafishwa mafuta hayo, kwani linaweza kushika moto na kujiangamiza lenyewe. Gereji isiyo na tanuri ilipeleke kwa wenye nalo. Tanuri la kuokea mikate au moto wa kuni si mbadala.

Zipo pia mashine maalumu za maji zinazosukuma maji mengi kwa presha iliyodhibitiwa, tena kinyume cha njia ya moshi, na baadaye hulikausha chujio kwa hewa ya moto. Hizo ni sawa. Kisicho sawa ni kile kinachofanyika kwenye sehemu nyingi za kuosha magari: mashine ya presha kubwa kuelekezwa karibu kabisa na seramiki. Maji hayo huvunja kuta na vizibo, huharibu mkeka unaoshikilia seramiki ndani ya kopo, na yakipigwa kutoka upande usiofaa huyashindilia majivu mwisho wa vijia yakawa kama saruji. Asidi za kusafishia vyoo, magadi makali na petroli zisitumike kabisa, kwa sababu mipako ya platinamu na paladiamu huharibika. Dawa za kumwaga kwenye tangi au kupuliza kupitia tundu la sensa huweza kusaidia masizi yaungue kwa joto dogo zaidi, lakini hazigusi majivu, lebo iseme itakavyosema.

Vumbi linalotoka likusanywe ndani ya mfuko uliofungwa au kwa kifyonza kinachoweza kulishika. Lisimwagwe uani wala kwenye mtaro. Shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2012, na vumbi hili ndilo chujio limekuwa likiuzuia moshi huo usilimwage mitaani.

Pima uzito tena likiwa kavu. Ukipungua kidogo tu wakati waya bado unakwama, rudia. Usipobadilika kabisa baada ya kurudia, au ikiwa kuna ufa, chujio hilo limekwisha.

Hatua ya tano: kulirudisha na kulipima

Tumia gasketi mpya na klampu mpya, kwa sababu upenyo mdogo wa moshi huharibu usomaji wa presha na joto. Hakikisha vijibomba vya sensa vipo kila kimoja mahali pake. Kisha, kwenye mashine, ieleze kompyuta kwamba chujio limesafishwa au limebadilishwa, ili hesabu ya majivu irudi sifuri. Hatua hii ifanywe tu ikiwa majivu yametoka kweli. Kompyuta ikiamini chujio ni tupu wakati halijasafishwa, itakadiria vibaya na kuacha mzigo ukusanyike hadi kiwango cha hatari.

Washa injini, ipate joto, soma tofauti ya presha bila kukanyaga mafuta na halafu kwenye mizunguko 3,000, uandike namba hizo kwenye kumbukumbu ya gari. Endesha nusu saa barabarani, kisha zisome tena. Rudia baada ya kilomita 500 hivi. Namba zikikaribiana, kazi imefanikiwa. Zikipanda upesi, rudi kwenye nozeli, EGR na turbo.

Kuhusu kulitoboa, na kuhusu oili

Kulitoboa chujio bila kubadilisha programu ya kompyuta humfanya mwenye gari kuingia hasara mara mbili, kwa kuwa injini inaweza kuendelea kuomba uchomaji usiokamilika na kupuliza dizeli hadi kwenye oili. Kubadilisha programu huizima taa, lakini moshi mweusi hubaki kwa anayetembea nyuma ya gari, na nozeli iliyoanza kuvuja haitakuwa tena na kitu cha kuitolea taarifa mapema.

Dizeli ya Afrika Mashariki imeboreka: tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya zilihamia kiwango kisichozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, ambacho chujio linaweza kukimudu. Tatizo lililobaki ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo haina ulainishaji wa kutosha na huumiza pampu na nozeli, hivyo nunua kwenye kituo unachokiamini na weka risiti. Oili nayo iwe yenye majivu kidogo, ikiwa na alama ya kiwango kinachofaa: JASO DL-1 kwa magari madogo ya Kijapani, JASO DH-2 kwa malori, ACEA C2 au C3 kwa mengi ya Ulaya, kulingana na kitabu cha gari. Alama hiyo huchapishwa nyuma ya galoni kwa maandishi madogo, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha mahali ilipo hajui anachokuuzia.